Jengo Livunjikie Wapi?

Mhadhara kwa mafundi, wanafunzi wa uhandisi na wananchi



Nitaanza na hospitali. Tarehe 9 Februari 1971, saa 12 asubuhi, tetemeko lenye ukubwa wa 6.6 lilipiga bonde la San Fernando, kaskazini mwa jiji la Los Angeles. Huko Sylmar, chini ya milima, palikuwa na hospitali iitwayo Olive View. Jengo lake kuu lilikuwa la zege, jipya, limefunguliwa wiki chache tu nyuma. Wala halikujengwa kwa kubahatisha. Lilichorwa na wahandisi waliosomea kazi yao, katika jimbo ambalo limekuwa na sheria za matetemeko tangu miaka ya 1930. Ardhi ilipotulia, ghorofa ya chini ya jengo hilo ilikuwa imeinama upande, na ghorofa za juu zimekaa juu yake karibu nzima. Minara ya ngazi, mitatu kati ya minne, ilijitenga na jengo ikaanguka. Jengo la wagonjwa wa akili lililokuwa jirani, la ghorofa mbili, likabaki la moja: ile ya juu ilishuka ikakaa mahali pa ya chini. Watu watatu walikufa hospitalini hapo. Tetemeko lingekuja saa 4 asubuhi, kliniki zimejaa, leo tungetaja hesabu nyingine.

Wahandisi waliokwenda kukagua walipiga picha nyingi za nguzo. Ghorofa ya chini ilikuwa na nguzo za namna mbili. Za kwanza zilikuwa na ringi za kawaida, zilizofungwa moja moja na kuachana sana. Hizo zilipasuka, zikabaki vipande vya zege na nondo zilizopinda. Za pili, badala ya ringi moja moja, zilikuwa na chuma kilichozungushwa mfululizo kama springi toka chini hadi juu, mizunguko ikiwa karibu karibu. Hizo nazo ziliinama, ganda la nje likabanduka, chuma kikaonekana. Lakini zege la ndani, lile lililofungiwa na mizunguko, lilibaki zima, likaendelea kubeba ghorofa zote za juu. Tetemeko lilikuwa lile lile, na mzigo ule ule.

Ninachotaka kusema jioni hii kimo katika nguzo hizo mbili. Mhandisi wa matetemeko hajengi jengo lisilovunjika. Anachagua, kabla zege halijamwagwa, mahali litakapovunjikia, kisha anatafuta namna ya kulithibitisha hilo kabla tetemeko halijamthibitishia.

Tuelewane kwanza kuhusu nguvu yenyewe. Wengi hudhani tetemeko huisukuma nyumba. Linachofanya ni kuivuta ardhi iliyo chini ya nyumba, na nyumba, kwa uzito wake, inagoma kuondoka. Msingi umeshakwenda, paa bado liko nyuma, na ugomvi kati ya hivyo viwili ndio unaokata nguzo na kupasua kuta. Maana yake ni kwamba nguvu hiyo jengo hujizalia lenyewe. Likiwa zito, nguvu inakua. Ndiyo maana paa la bati huua mara chache kuliko slabu, na ndiyo maana tanki kubwa la maji juu ya paa si jambo la kuamuliwa na fundi bomba peke yake.

Hesabu ya kwanza ya nguvu hiyo kuingizwa katika sheria ilitoka Italia, baada ya mji wa Messina kubomolewa na tetemeko tarehe 28 Desemba 1908. Kamati ya wahandisi ilipendekeza jengo lihesabiwe kana kwamba linasukumwa ubavuni kwa nguvu sawa na sehemu ya 1/12 ya uzito wake kwa ghorofa ya chini, na 1/8 kwa za juu. Wajapani walifuata njia hiyo hiyo. Baada ya tetemeko la Kanto la mwaka 1923, sheria yao ilidai 1/10. Sehemu hizo hazikutoka kwenye vipimo vya ardhi, kwa kuwa vipimo vya kufaa havikuwapo. Zilitoka kwenye kutazama majengo yaliyosalia na kukisia yalihimili kiasi gani. Rekodi ya mtikisiko ambayo wahandisi wengi wameitumia ilipatikana baadaye sana, tarehe 18 Mei 1940, katika mji mdogo wa El Centro, California. Ilionyesha ardhi ikienda kwa mchapuko wa karibu theluthi moja ya mvutano wa dunia. Theluthi moja! Sheria zilikuwa zikizungumzia sehemu ya kumi.

Hapo pana jambo la kushangaza. Kama ardhi inaweza kulivuta jengo kwa theluthi ya uzito wake, na ghorofa za juu zikaikuza nguvu hiyo mara mbili au tatu, kwa nini majengo yaliyohesabiwa kwa sehemu ya kumi hayakuanguka yote?

Mmoja wenu achukue huu waya wa kufungia nondo. Ukunje, uukunjue, tena, tena, haraka haraka. Sasa gusa pale ulipokunjika. Ni wa moto, sivyo? Nguvu ya mkono wako imegeuka joto ndani ya chuma, na waya bado haujakatika. Jengo linaloweza kunyumbuka hufanya hivyo hivyo: linakunjika mahali fulani, linameza nguvu ya tetemeko, linabaki limesimama. Lisiloweza kunyumbuka halina pa kuipeleka nguvu hiyo isipokuwa kupasuka.

Kanuni za leo zimejengwa juu ya siri hii, na mwananchi wa kawaida hajaambiwa. Kwa fremu ya zege iliyofungwa nondo kwa ukamilifu wote, kanuni za Marekani zinaruhusu nguvu ya tetemeko igawanywe kwa 8. Yaani jengo linachorwa kwa sehemu ya nane ya nguvu ambayo lingekutana nayo kama lisingenyumbuka kabisa. Saba zilizobaki zinalipwa na kunyumbuka. Sasa mhandisi akigawanya kwa 8 ofisini, halafu kwenye eneo la ujenzi ringi zikafungwa za kugawanya kwa 2, hakuna atakayeona tofauti kwa macho. Jengo litapakwa rangi, litafunguliwa, litakaliwa miaka 40.

Waliolifanya jambo hili kuwa elimu kamili ni watu wa New Zealand, hasa Robert Park na Tom Paulay wa Chuo Kikuu cha Canterbury, ambao kitabu chao cha mwaka 1975 kuhusu zege lenye nondo bado kiko kwenye meza za wahandisi. Mafundisho yao, nikiyafupisha mno, ni haya. Chagua viungo vitakavyokunjika. Vifunge nondo ili vikunjike bila kukatika. Kila kitu kingine kifanye kiwe na nguvu kuliko hivyo, ili uharibifu usiwe na pa kwenda ila pale ulipoutaka. Katika fremu, viungo hivyo huwekwa kwenye ncha za boriti, kwa sababu boriti ikikunjika utapata ufa na slabu iliyolegea kidogo, lakini nguzo ikikunjika kila kilicho juu kinashuka. Nguzo ziwe na nguvu kuliko boriti. Olive View ilikuwa kinyume: ghorofa za juu zilikuwa na kuta za zege ngumu zilizokatishwa kabla ya kufika chini, na chini zikabaki nguzo tupu. Nendeni mkatazame majengo yenye maduka au maegesho chini na vyumba juu, katika mji wowote wa Afrika Mashariki. Februari 2023, kusini mwa Uturuki, majengo ya namna hiyo yalikuwa miongoni mwa mengi yaliyoanguka, na zaidi ya watu 50,000 walikufa nchini humo.

Ringi sasa, na hapa mafundi mtanivumilia. Ringi nyingi tunazokunja zina mkia wa digrii 90. Mkia huo unalala ndani ya ganda la nje la zege, zile sentimita tatu au nne zinazofunika chuma. Tetemeko likibandua ganda, mkia hauna kinachoushika, ringi inafunguka, nondo za wima zinatumbuka nje, nguzo imekwisha. Mkia ukikunjwa digrii 135, unaingia ndani ya kiini, na ganda likibanduka ringi inabaki imefungwa. Tofauti yake ni kukunja kidogo zaidi na urefu kidogo wa chuma. Halafu kuna nafasi. Karibu na maungio ya nguzo na boriti, kanuni kali hutaka ringi zisiachane zaidi ya robo ya upana wa nguzo: nguzo ya sentimita 30, ringi kila sentimita saba na nusu. Najua mnavyosema: kokoto hazipiti, vaibreta haiingii, na tajiri ataona nondo zinaliwa bure. Kokoto ndogo zipo. La tajiri ni la mhandisi kulisemea, wala asimwachie fundi.

Sasa, nani alijuaje kwamba sentimita saba na nusu zinatosha?

Njia ya kwanza ya kujaribu ni ya polepole, na ndiyo iliyotufundisha mengi. Unajenga kiungo kimoja cha nguzo na boriti kwa ukubwa wake halisi, unakifunga kwenye sakafu nzito, unakisukuma kwa jeki za haidroliki, kwenda na kurudi, kila mzunguko mkubwa kuliko uliotangulia. Kinaweza kuchukua siku nzima. Kompyuta inachora nguvu dhidi ya msogeo. Kiungo kizuri kinachora mizingo minene, inayofanana toka mwanzo hadi mwisho. Kibaya kinachora mizingo inayosinyaa katikati, na ukiona hivyo unajua nondo zinateleza ndani ya zege. Huko Ispra, Italia, maabara ya Ulaya ina ukuta wa kusukumia wenye kimo cha meta 16, ambao unaweza kusukuma jengo zima la ghorofa kadhaa.

Njia ya pili ni meza ya kutikisa, na hiyo ndiyo mnayoiona kwenye televisheni. Kwa miaka mingi meza zilikuwa ndogo, zikatikisa mifano midogo ya majengo. Tatizo ni kwamba unaweza kupunguza urefu, unaweza kupunguza unene wa nondo, lakini huwezi kupunguza mvutano wa dunia, na kokoto ndogo hazipasuki kama kubwa. Tarehe 17 Januari 1995 mji wa Kobe ulipigwa na watu zaidi ya 6,400 wakafa. Wajapani, waliodhani wanalijua jambo hili kuliko wote, waliamua kuacha mifano midogo. Mwaka 2005 walifungua E-Defense katika mji wa Miki, si mbali na Kobe: meza ya meta 20 kwa 15, inayobeba tani 1,200 na kuzitikisa kwa pande zote tatu. Jeki 10 zinaisukuma ubavuni na 14 kutoka chini. Inaweza kwenda meta moja upande huu na meta moja upande ule, kwa kasi ya meta 2 kwa sekunde. Siyo mfano wa jengo unaowekwa pale. Ni jengo.

Mwaka huo huo waliweka juu yake nyumba mbili za mbao, za watu kweli, zilizojengwa miaka ya 1970 na kuhamishiwa hapo. Zilikuwa karibu sawa, ila moja iliongezewa uimara: mbao za kukatiza kwenye kuta, vyuma vya kushika nguzo kwenye msingi. Zikatikiswa pamoja kwa rekodi ya Kobe. Ile iliyoachwa kama ilivyokuwa ililala chini. Ya pili ikasimama. Filamu hiyo ilionyeshwa sana Japani, na sidhani kama ipo hotuba ya waziri iliyowahi kufanya kazi yake.

Ninaoupenda zaidi ni mtihani mwingine, wa Oktoba 2009. Nyumba mbili za mbao za ghorofa tatu. Moja ilitimiza kiwango cha juu cha uimara. Nyingine viungo vyake vya chini viliachwa dhaifu kwa makusudi, ili ionekane inavyoanguka. Meza ikatikisa kupita kiwango cha sheria. Iliyoanguka ni ile imara. Ile dhaifu ilikatika miguu mapema, ikaanza kurukaruka na kuteleza juu ya msingi wake, na kwa kufanya hivyo ikaacha kuipokea nguvu yote ya meza. Wengi walishtuka. Mimi nadhani huo ndio mtihani uliofanikiwa kuliko mingi, kwa kuwa ulileta jibu ambalo hakuna aliyelipanga. Maabara inayothibitisha tu ulichokijua haistahili gharama yake.

Hilo la kuliacha jengo liteleze siku hizi hufanywa kwa makusudi, na kulieleza inanibidi nirudi Sylmar. Olive View ilibomolewa, ikajengwa upya kwa kuta za chuma na zege, ngumu kupindukia. Tarehe 17 Januari 1994, mwaka mmoja kamili kabla ya Kobe, tetemeko la Northridge likaipiga. Kwenye ardhi karibu na jengo, vyombo vilipima mchapuko wa karibu 0.9 ya mvutano wa dunia. Juu ya paa, 2.3. Fremu haikudhurika. Lakini mabomba ya maji ya kuzimia moto yalikatika kwenye dari, maji yakamwagika sakafuni, na wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Hospitali ilisimama, ila haikuweza kutibu mtu.

Siku hiyo hiyo, hospitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, pale pale Los Angeles, iliendelea na kazi. Hiyo ilikaa juu ya beringi 149 za mpira. Beringi ya namna hii ni tabaka za mpira na bamba za chuma zilizobanwa pamoja, na nyingi huwa na kipande kinene cha risasi katikati. Mpira unaliacha jengo liende polepole, likichukua sekunde 2 au 3 kwenda na kurudi, wakati ardhi inatikisika haraka haraka chini yake. Risasi inafanya kazi ya ule waya wenu: inakunjika, inapata joto, inameza nguvu, kisha ikitulia inarudia hali yake. Aliyebuni hiyo ya risasi ni Bill Robinson wa New Zealand, na jengo la kwanza kuikalia ni William Clayton, mjini Wellington, lililokamilika mwaka 1981.

Msikimbilie kuagiza beringi. Mji wa Mexico ulipigwa mwaka 1985 na tetemeko lililotokea zaidi ya kilometa 300 mbali. Sehemu ya mji huo imekaa juu ya tope la ziwa la kale, na tope hilo lilicheza polepole, mara moja kila sekunde 2 hivi. Majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yaliyokuwa na mwendo unaokaribiana na huo yaliumia kuliko mafupi na kuliko marefu. Weka beringi kwenye udongo kama huo na umelipeleka jengo pale pale tetemeko linapotaka. Tena, zunguka jengo la beringi unaweza kukuta mtu kajenga ngazi, au kamwaga zege, kwenye pengo lililoachwa ili jengo lipate pa kuchezea. Na Wajapani walipotikisa hospitali ya ghorofa nne juu ya E-Defense, ikiwa na vitanda na mashine ndani, waligundua kwamba juu ya beringi, vifaa vya magurudumu ambavyo havikufungwa breki vilisafiri chumba kizima.

Wengi huniuliza: nyumba hii inahimili tetemeko la ukubwa gani? Mtu akikuuzia nyumba "ya kuhimili 8", amekuuzia maneno. Ukubwa ni wa tetemeko lenyewe, kule lilikotokea. Nyumba inajua tu mtikisiko uliofika kwenye msingi wake. Mara nyingi mhandisi huchagua mtikisiko ambao una uwezekano wa asilimia 10 kutokea au kupitwa katika miaka 50. Na ahadi ya kanuni kwa mtikisiko huo ni kwamba utatoka hai. Haijaahidi kwamba utarudi ndani. Tetemeko lilipopiga Christchurch, New Zealand, Februari 2011, majengo mengi ya zege yalifanya kile hasa Park na Paulay walichofundisha, katika mji wao wenyewe: yalikunjika kwenye boriti, watu wakatoka. Kisha yakabomolewa, kwa sababu kuyatengeneza kulikuwa ghali kuliko kujenga upya. Wenye mali waliuliza kwa nini hawakuambiwa. Swali zuri.

Na kwetu? Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na nusu hivi alasiri, Kagera, Tanzania, ilipigwa na tetemeko la 5.9. Kwa Wajapani hilo ni la kutajwa kwenye taarifa ya habari na kusahauliwa. Kwetu watu wasiopungua 17 walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Beringi za mpira hazikuwa na la kufanya huko. Tatizo la nyumba ya tofali zilizounganishwa kwa udongo ni pembe: kuta mbili zinaachana kwenye kona, kila moja inabaki peke yake, na ukuta uliosimama peke yake huanguka kwa kusukumwa kidogo. Lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika inazishika kuta. Lenta iliyowekwa juu ya madirisha na milango tu, haifungi kitu.

Hatua ya pili, kwa mwenye uwezo wa nondo kidogo, ni kujenga ukuta kwanza, ukiacha meno ya tofali kwenye kona, kisha kumwaga nguzo nyembamba kati ya meno hayo ili zege na tofali vishikane. Chile, Peru na Mexico wamejenga nyumba nyingi sana hivyo. Fundi wetu amezoea nguzo kwanza, tofali baadaye. Kubadili utaratibu huo si gharama, ni mazoea.

Lakini nyumba nyingi za Kagera, na za Kigoma, na za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kule Congo, hazina nondo hata moja. Kwa hizo, kazi ya kusomwa ni ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Peru, mjini Lima, alikofanyia majaribio Marcial Blondet na wenzake. Walijenga nyumba ya tofali za udongo juu ya meza yao ya kutikisa, wakaitikisa hadi ikapasuka. Hawakuibomoa. Walijaza nyufa kwa udongo wa majimaji, wakazifunga kuta zote kwa kamba za nailoni, za wima na za mlalo, ndani na nje, zikiunganishwa kwa kamba nyembamba zinazopita kwenye ukuta, wakaitikisa tena kwa nguvu. Kuta zilipasuka vipande, lakini kila kipande kilibaki ndani ya kamba zake, na nyumba haikuanguka. Kamba ya nailoni inauzwa hapo sokoni, na kuifunga hakuhitaji mhandisi baada ya siku ya kwanza. Kinachohitaji watu ni matunzo: nailoni inaliwa na jua, kwa hiyo ni lazima isiribwe kwa udongo, na fundo likilegea kamba inakazwa upya. Nani atazikaza mwaka wa kumi, wakati hakuna aliyeona tetemeko, sijapata jibu la kuridhisha, na ningependa tulijadili hilo sasa kabla ya maswali mengine.